Ardhi ya Katikati

Arusha, 14 Januari 2024

Masenge Immaculata, shangazi yangu,

Nakusalimu kutoka mji ambao asubuhi naoga maji ya moto kama mgonjwa. Kozi ya ukalimani ilianza tarehe nane. Naishi chumba kimoja na msichana wa Singida, jina lake Esteria. Anapika vizuri, ila hataki kabisa dagaa waingie mlangoni, kwa hiyo wale ulionifungia nawala nikiwa nimekaa nje kwenye ngazi. Je, kitenge nilichompa kondakta kilikufikia? Mahindi yamefika wapi? Mwanao Arcade hajambo? Na Mama Josefina bado anaimba sauti ya kwanza pale kanisani, au amewaachia wasichana?

Sasa Masenge, nina shida ya kimasomo. Mwalimu wetu, Bwana Fredrick, ametugawia semi za Kiingereza, kila mmoja na fungu lake. Anataka tuzieleze kwa Kiswahili mpaka mtu ambaye hajawahi kusikia Kiingereza azielewe. Mimi nimeangukia semi za katikati, zile za watu wanaotafuta kupatana. Kuna "meet me halfway", yaani nikute nusu ya njia. Mtu anaweza kuisema akiwa amekaa kwenye kiti na hana safari yoyote. Maana yake ni legeza kidogo na mimi nitalegeza. Kuna "sitting on the fence", kukaa juu ya uzio, kwa mtu asiyetaka kuchagua upande. Na kuna "happy medium", katikati yenye furaha, pale ambapo kitu hakijazidi wala hakijapungua na kila mtu ameridhika.

Wewe ndiye uliyenifundisha Kiswahili kabla sijaingia shule, na Kirundi kabla ya hapo. Niambie ungesemaje. Andika, usinipigie. Ukitumia simu ya Arcade pale kichuguuni panaposhika mtandao, maongezi yetu yatasikilizwa na kitongoji kizima.

Halafu, kile kisima cha mradi kimefikia wapi? Nauliza tu.

Mtoto wa kaka yako,
Joséline


Songambele, Sibwesa, 9 Februari 2024

Joséline mwananje,

Barua nimeipata tarehe mosi, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili kuku nao wakusikie. Kitenge kilifika, ila kondakta alikaa nacho wiki nzima na kimerudi kinanuka vitunguu. Mahindi yamefika kifuani. Mvua ipo, wakati mwingine inapitiliza. Mguu wangu wa kulia unaniuma asubuhi, jioni unanyamaza.

Arcade yuko Mpanda mjini kwa shughuli fulani. Simu yake haitapatikana kwa muda, usijisumbue kupiga.

Nianze na uzio. Uzio wetu ni wa minyaa yenye utomvu wa kupofusha, na niliyewahi kumwona juu yake ni mbuzi wa Polycarpe, naye alishuka na jicho moja. Kwa hiyo huku ukisema mtu amekaa juu ya uzio, tutadhani anapata taabu kuliko wote. Labda huko Uingereza nyua ni laini. Sisi tungesema anatazama upepo.

Hiyo ya nusu ya njia imenifikirisha siku tatu. Kutoka kwangu kwenda kanisani ni kupanda. Kutoka kanisani kuja kwangu ni kuteremka. Sasa nusu ya njia iko wapi? Ukipima kwa kamba utaangukia pale kwenye ule mninga. Lakini mimi nikifika kwenye mninga nimeshatoka jasho la kutosha, na anayetoka juu bado hajapangusa hata pua. Waingereza wanapimaje? Muulize mwalimu wako. Na hiyo katikati yenye furaha, kuna aliyewahi kuiona kwa macho, au wameiweka kwenye kitabu tu?

Mama Josefina simsikii vizuri siku hizi. Nimehama benchi.

Kisima hakuna. Gari la kuchimba lilikuja mpaka kwenye kalavati, dereva akazungumza na watu, akageuza. Watu wamelima lile bonde.

Na mimi nikuulize. Mkutano ule wa Oktoba, wewe ulipokuwa unamtafsiria yule mama mzungu wa mradi wa maji, yeye alisema nini hasa? Mimi nilikaa nyuma na watoto walikuwa wanalia.

Masenge wako,
Immaculata


Arusha, 28 Februari 2024

Masenge mpendwa,

Uzio wa minyaa umeniletea sifa. Bwana Fredrick alicheka mpaka akavua miwani, akaandika ubaoni "anatazama upepo". Kuhusu nusu ya njia nilimuuliza kama ulivyosema. Alisema Waingereza hawapimi, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Kisha akaniagiza nikuletee nyingine mbili. "Give and take", toa na upokee, sisi tumeshaiita nipe nikupe. Na "caught in the middle", kunaswa katikati, kama mtoto ambaye wazazi wake wanagombana na kila mmoja anamwita.

Esteria amepata malaria, nimekuwa nikimpikia uji. Mimi mzima.

Masenge, Arcade ana shughuli gani Mpanda katika mwezi wa palizi? Nimepiga simu mara sita. Na benchi umehama kwa nini? Wewe na Mama Josefina mmekaa benchi la tatu tangu mimi nabatizwa.

Umesema watu wamelima bonde. Ni lile bonde lililo kati yetu na Ng'ambo, la nyasi za kuezekea? Lile halikuwahi kulimwa na mtu. Wamelima wa kwetu au wa kwao?

Kuhusu ule mkutano, ni miezi minne sasa, na yule mama alisema mengi. Alitaka tu watu wapatane kisima kikae wapi.

Usikae muda mrefu bila kunijibu.

Joséline


Songambele, 30 Machi 2024, Jumamosi Kuu

Joséline,

Barua yako ilichelewa, na mimi nimeongeza kuchelewa juu yake. Nilikuwa naianza na kuichana. Leo nimefunga, na mtu aliyefunga hatakiwi kuandika uongo.

Arcade hana shughuli Mpanda. Yuko mahabusu tangu tarehe tano Februari.

Ninyi mlipoondoka na gari la mradi siku ile ya mkutano, watu hawakutawanyika. Walisimama makundi makundi, wanatazama bondeni. Makarius, mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo, akawaambia watu wake kwamba mradi unataka ardhi ya katikati, wamesikia kwa masikio yao, na ardhi isiyolimwa ndiyo inachukuliwa kwanza. Wiki haikuisha, wa Ng'ambo wakaingia na majembe. Wa kwetu walipoona hivyo wakasema hawa wanataka kujihesabia bonde peke yao, nasi tukaingia. Nasema tukaingia kwa sababu na mimi nilikuwemo. Nilipima hatua arobaini kwa thelathini nikapanda mahindi. Mtu wa Ng'ambo akapita akasema, "Uraia mmepewa, sasa mnataka na bonde." Mimi niliyekuja nchi hii mkimbizi mgongoni kwa mama yangu, na cheti cha uraia ninacho sandukuni!

Tarehe mbili Februari Arcade alimkuta Gabrieli, mtoto wa Mama Josefina wa Ng'ambo, anang'oa mahindi yetu. Gabrieli alisema yamevuka mpaka. Mpaka upi, wakati bonde halikuwahi kuwa na mpaka? Walianza kwa maneno. Arcade akampiga na mpini wa jembe, mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Damu sikuiona, lakini mlio wa ule mfupa niliusikia nikiwa mbali, nimeinama napalilia. Josefina alikuja anakimbia. Alinipita kama anapita kisiki.

Dhamana ipo, mdhamini hakuna. Kila ninayemwendea ana udhuru. Nilikuficha kwa sababu uko kwenye masomo, na kwa sababu niliona aibu.

Sasa sikiliza jambo jingine. Juzi nilimwendea Mercy, mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu ya msingi, nimwonyeshe semi zako, nikidhani ataniongezea nyingine nikufurahishe. Akafungua kamusi. Akasema, "Bibi Immaculata, mbona huyu ameiacha iliyo kubwa kuliko zote?" Akanisomea: "middle ground". Nikamwambia anitafsirie neno kwa neno. Akasema neno kwa neno ni ardhi ya katikati, lakini maana yake si ardhi. Maana yake ni mapatano, kila upande ukubali kidogo.

Nilikaa kwenye kile kiti cha mwanafunzi mpaka kengele ikalia.

Joséline, umeniletea semi tano za katikati na hiyo hukuileta. Nikuulize mara ya pili: yule mama alisema nini?

Immaculata


Arusha, 14 Aprili 2024

Masenge,

Nakusalimu, ingawa sijui nianzeje kukusalimu.

Alisema, "We need to find a middle ground." Mimi nikasema, "Inatubidi tutafute ardhi ya katikati."

Nilikuwa nimesimama juani toka saa nne. Alikuwa anaongea sentensi ndefu na mimi nazikimbiza. Hiyo ilikuwa fupi, nikaitupa vile vile ilivyokuja. Kulikuwa na maneno chungu nzima ya kusema. Tuelewane. Tusikilizane. Kila upande ulegeze. Alikuwa anapendekeza kisima kichimbwe kwetu na bomba lipelekwe Ng'ambo, au kinyume chake. Hakuna mtu aliyetaka lile bonde, Masenge. Hata mara moja. Mtaalamu wao alishasema chini ya bonde kuna mwamba, maji hakuna.

Lakini si hilo linalonifanya nishindwe kulala. Kukosea neno kila mkalimani anakosea. Nilipomaliza kulisema niliona vichwa vyote vimegeukia bondeni. Vyote, kwa pamoja. Ndani ya gari yule mama aliniuliza kwa nini watu walitazama kule. Hapo nikaelewa. Nilielewa kabisa, tukiwa hatujafika hata kwenye kalavati. Nikamwambia, "I don't know." Sijui. Alikuwa ameshaniahidi barua ya kuniombea nafasi ya kozi hii. Niliogopa nikisema nimekosea hataiandika. Aliiandika, Masenge. Amesema humo kwamba natafsiri kwa uangalifu mkubwa. Iko hapa kwenye faili langu.

Nilijipa moyo kwamba watu watasahau. Ndiyo maana nilikuuliza habari za kisima kama mtu anayeuliza tu. Ulipoandika kwamba bonde limelimwa, niliacha chakula mezani.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeiandika kwa watu wote wa Songambele na Ng'ambo, na nimeweka sahihi. Iko yote humo, na la kwenye gari pia. Naomba uisome mkutanoni. Najua nakuomba nini. Ukiona huwezi, mpe Mwalimu Mercy.

Barua nyingine nimeiandikia ofisi ya mradi, nikawaeleza hivyo hivyo.

Sijui niseme nini kuhusu Arcade. Na mkono wa Gabrieli.

Joséline


Songambele, 12 Mei 2024

Joséline mwananje,

Tumeamka salama. Mvua zimekata, mahindi yanakauka vizuri, nyani ni wengi mwaka huu.

Barua yako iliponifikia sikula siku hiyo. Nilikukasirikia sana, nikakuombea, nikakukasirikia tena. Kesho yake nilikwenda kwa Makarius mwenyewe, Ng'ambo, peke yangu. Nilimkuta anasuka kamba. Nikamwambia nina karatasi inayotakiwa kusomwa mbele ya watu wote. Akauliza, "Inawahusu akina nani?" Nikasema inatuhusu wote na inaiaibisha nyumba yangu. Akaiacha kamba.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, uwanja wa shule. Mercy alijitolea kusoma, nikakataa. Niliisoma mwenyewe. Nilipofika pale kwenye gari, unaposema sijui, niliomba maji nikanywa kwanza.

Nilipomaliza niliikunja karatasi. Makarius alisimama, akauliza taratibu kama mtu anayehesabu vifaranga:

"Kwa hiyo lile bonde hakuna aliyelitaka?"

"Hakuna."

"Na chini ni mwamba?"

"Amesema hivyo."

"Na mimi ndiye niliyewaambia watu wangu waingie." Akakaa chini.

Mtu mmoja wa nyuma alianza kucheka, na wengine wakafuata, kile kicheko cha kuchoka. Polycarpe alipiga kelele, "Tumepigania mwamba!" Ndipo Josefina aliposimama, na kicheko kikakatika. Gabrieli alikuwa kando yake, mkono bado kwenye kitambaa.

"Nyie mnacheka," alisema. "Mwanangu hawezi kushika kijiko. Neno la mtoto wa Immaculata limemvunja mkono, na mtoto mwingine wa Immaculata ndiye aliyeshika mpini. Nyumba moja. Nyie chekeni."

Nilitaka kumjibu kwamba Gabrieli ndiye aliyeanza kung'oa mahindi. Lilikuwa limefika hapa kooni. Nilimtazama vile anavyomshikilia mwanawe begani, nikalimeza. Nikamwambia, "Ni kweli, Josefina. Ni nyumba moja. Niambie unataka nini."

Alimshika Gabrieli wakaondoka.

Jumatano alikuja kwangu asubuhi, hakuingia ndani, alisimama hapo kwenye kinu. Alisema mahindi yake ekari mbili yanakauka na hana mkono wa kuvuna. Anataka Arcade avune, apukuchue, na msimu ujao amlimie mpaka Gabrieli apone. Akikubali, yeye mwenyewe atakwenda mahakamani aseme wamepatana. Nikamwambia Arcade hana hata mdhamini wa kumtoa. Akasema, "Makarius atamdhamini. Nimeshaongea naye."

Makarius alikwenda Mpanda kwa pikipiki, akaweka sahihi. Arcade amerudi juzi. Amekonda, anaongea kwa sauti ndogo. Nilimweleza masharti, akasema sawa, na sijui kama amekubali moyoni au amechoka tu. Wewe hajakutaja.

Immaculata


Arusha, 26 Mei 2024

Masenge,

Sina neno la kukushukuru linalotosha, kwa hiyo sitatafuta. Niambie tu mguu unaendeleaje.

Nilimweleza Bwana Fredrick yote. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza kama ningependa kulisimulia darasani, nikamwambia bado.

Ofisi ya mradi wamejibu. Wamesikitika, na watarudi Julai kukaa upya na vitongoji vyote viwili. Wameuliza kama nitakuwepo kutafsiri, kwa sababu kozi inapumzika mwezi huo. Nimewaambia watafute mtu mwingine. Sitaki watu wanione nimesimama pale pale na kufungua mdomo. Na sina uhakika kama sauti itatoka.

Msalimie Arcade. Asiponiitikia, msalimie hivyo hivyo.

Joséline


Songambele, 16 Juni 2024

Joséline mwananje,

Mguu umeacha kuuma tangu nianze kuutumia sana. Tuko kwenye mavuno. Wale walioingia bondeni wamevuna walichovuna, na Makarius na mwenyekiti wetu wamekubaliana kwamba baada ya hapo hakuna wa kurudi na jembe. Mimi nilipata magunia mawili. Moja nimelipeleka kwa Josefina. Alilipokea, akaliingiza ndani.

Arcade yuko shambani kwao kila siku toka saa moja. Siku za kwanza Gabrieli alikaa chini ya mti anamtazama tu. Wiki ya pili akaanza kumrekebisha: huo mstari umeuruka, hayo bado mabichi. Juzi nilipita nikawakuta wanabishana kuhusu mpira, kelele mpaka barabarani. Mkono umeunga, lakini umepinda kidogo, na daktari anasema utabaki hivyo. Gabrieli ni mtu wa miaka ishirini na minne. Hilo nataka ulijue, sitakupunguzia.

Bado sijarudi benchi la tatu. Josefina naye hajaniita. Lakini Jumapili iliyopita kitabu chake cha nyimbo kilianguka, nikakiokota, akasema, "Asante, Mama Arcade." Miezi yote hii hakuwa ameniita kwa jina lolote.

Sasa hili la Julai. Mwenyekiti alitusomea barua ya mradi mkutanoni, akasema wataleta mkalimani mwingine kwa sababu Joséline amekataa. Watu wakaitikia vizuri, wengine wakasema afadhali. Ndipo Josefina aliponyoosha mkono. Nilidhani anataka kukulaani mbele ya watu, nikainama.

Alisema, "Nataka aje huyo huyo."

Makarius akamuuliza, "Mama, baada ya yote hayo?"

Akasema, "Huyo mwingine atakuja na Kiingereza chake kizuri, ataongea haraka, ataondoka. Huyu wa kwetu ataogopa kila neno. Nataka mtu anayeogopa. Na akikwama, asimame pale mbele aseme nimekwama, turudie. Tutamsubiri."

Wakapiga kura kwa mikono. Sikuhesabu, lakini ilikuwa mingi. Gabrieli alinyoosha wa kushoto.

Arcade alikuwa nyuma yangu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza, "Basi la Arusha linafika Mpanda saa ngapi?" Nikamwambia simjui mtu anayejua. Akasema kama ni hivyo atakwenda mapema kukusubiri.

Niandikie tarehe.

Masenge wako,
Immaculata